Barza, Lupango na Ukuta: Juu ya Nyumba Zetu za Shituru

Chama kilipotuomba kuandika juu ya nyumba na mila, tulifahamu mara moja walichokuwa wanangojea. Nyumba ya duara, paa la nyasi, nyanya anatwanga mahindi, na mwishoni maneno ya huzuni kwamba vijana wa leo wameacha yote. Tunaomba radhi. Hatuwezi kuandika hivyo, kwa sababu sisi tulizaliwa kambini, katika nyumba ya matofali yenye namba iliyopakwa ukutani, na wengi watakaosoma kijitabu hiki walizaliwa hivyo hivyo, kama si Shituru basi Panda au Kikula. Nyumba ya nyasi tuliiona tulipopelekwa kijijini wakati wa likizo, na tulilia usiku kwa sababu ya giza.

Lakini kuna jambo limetusumbua siku nyingi. Siku moja darasani tuliwaambia wanafunzi wa miaka ya mwisho: chukueni karatasi, chora nyumba ambayo ungependa kujenga ukiwa mtu mzima. Wengi walianza na ukuta. Tunasema kweli: mstari wa kwanza wa kalamu haukuwa paa wala mlango, ulikuwa ukuta wa kuzunguka. Kisha wakachora mlango mkubwa wa chuma. Kisha, mbali kule ndani, nyumba yenyewe, na gari mbele yake. Msichana mmoja alichora vizuri sana, hata vigae vya paa alivichora kimoja kimoja, ila hakukuwa na mtu hata mmoja. Tukamwuliza watu wako wapi. Akajibu: "Beko mu nyumba, Mwalimu."

Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike. Tunataka kuzihukumu nyumba zetu kama vile mtu anavyohukumu kitabu au wimbo: hii imetungwa vizuri wapi, imekosea wapi, inamfanyia nini yule anayekaa ndani yake na yule anayepita mbele yake.

Tuanze na mababu, lakini kwa haraka. Katika vijiji vya Wabemba na Walamba kulikuwa na nsaka, na Walunda wana chota yao: paa juu ya miti, bila kuta, ambapo watu wanakaa, wanakula, wanahukumu kesi, wanapokea mgeni. Nyumba ya kila mtu ilikuwa ndogo, kwa sababu kazi yake ilikuwa ndogo: kulala, kuweka vitu, kukimbia mvua. Kuishi kulikuwa nje. Mtu aliyeshinda ndani mchana, watu walimwuliza kama ni mgonjwa. Hapo tunaona fundisho, na fundisho hilo haliko kwenye nyasi. Liko kwenye mpango wa mahali: pa kulala ni padogo na ni pa mtu, pa kukaa ni pakubwa na ni pa wote, na kati ya hizo mbili hakuna kizuizi.

Tuongeze jambo moja kwa wale wanaopenda kusema "kijiji cha asili". Vile vijiji vilivyopangwa mstari mmoja kando ya barabara, ambavyo tunaviona tukienda Lubumbashi, hizo kilomita 120 hivi, si mpango wa mababu. Ni serikali ya kikoloni iliyosogeza watu karibu na barabara, ili wahesabike, walipe kodi na wapatikane kazi inapohitaji mikono. Kwa hiyo tukichukua mstari huo na kuuita mila, tunasifu kazi ya ajenti wa Wabelgiji bila kujua.

Sasa kambi. Hapa tutakaa kidogo.

Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Miaka ya mwanzo ilichukua wanaume peke yao, kwa mkataba mfupi, ikawaweka katika vibanda, na wengi walikufa kwa magonjwa ya mapafu na ya tumbo. Mtu aliyekuja kwa miezi michache hakuhitaji nyumba, walifikiri. Mwishoni mwa miaka ya 1920 waligeuza mawazo. Hawakugeuza kwa huruma. Waligeuza kwa hesabu. Kumtafuta mtu mpya kila mara kule Kasai, Maniema, Rwanda na Rodesia ya Kaskazini kulikuwa ghali, na mtu anayeondoka kila baada ya miezi michache hajifunzi kazi ya mashine. Kiwanda cha Shituru kilianza mwaka 1929, na kuyeyusha na kusafisha shaba kwa umeme si kazi ya kufundishwa asubuhi na kusahauliwa jioni. Basi kampuni ikasema: mlete mke, mlete mtoto, tutakupa nyumba, tutakupa posho, tutakupa shule na hospitali. Hivyo ndivyo tulivyozaliwa sisi watoto wa kambi. Nyumba ilikuwa sehemu ya mshahara. Kazi ikiisha, nyumba imeisha.

Ukiitazama kambi kwa jicho la fundi, utaona mara moja ilitengenezwa na mtu anayetaka kuona. Barabara zimenyooka kama rula. Nyumba zimepangwa kwa mistari, zote sura moja, kila moja na namba yake. Msimamizi akisimama mwanzo wa barabara anaona hadi mwisho: nani amelewa, nani hakwenda kazini, nani amepokea ndugu kutoka kijijini bila ruhusa. Nyumba zilifuata barabara, jua halikuulizwa. Na kambi ilifuata kiwanda, upepo haukuulizwa. Mwenye kukaa Shituru anajua harufu ya asidi inavyokwaruza koo, na anajua mabati yanavyoliwa na moshi huo upesi kuliko mabati ya mjini. Bwana mkubwa alikaa upande mwingine, penye miti na hewa.

Vyumba vilikuwa viwili, na baadaye katika nyumba za vyeo vitatu au vinne. Madirisha madogo. Jiko nyuma, peke yake, na musalani nyuma zaidi. Familia ya watu wanane katika vyumba viwili: tuseme ukweli, watoto wanaume walilala jikoni, na mgeni akija walilala kwa jirani.

Na hata hivyo. Ukiwauliza watu waliokulia kule, hawakwambii habari ya msimamizi wala ya vyumba viwili. Wanakwambia habari ya barza.

Neno hili lina safari yake, nasi kama mwalimu hatuwezi kulipita bila kusimama. Kule pwani, Lamu na Unguja, baraza ni benchi la mawe lililojengwa pamoja na ukuta wa mbele wa nyumba, upande wa nje, likiangalia njia. Mwenye nyumba analijenga kwa pesa yake ili mtu mwingine akae. Hapo wanaume wanakunywa kahawa, wanacheza bao, wanajua nani amesafiri na nani ameoa. Mgeni anapokewa pale bila kuingia ndani, na walio ndani hawasumbuliwi. Ni jambo la akili sana: nyumba za mawe za pwani zina kuta nene na milango mizito, zinaficha mambo yao kuliko hata hizi zetu za leo, lakini zimetoa ulimi nje kwa ajili ya mpita njia. Kutokana na kukaa huko, neno likapata maana ya mkutano na mashauri. Hata huku kwetu Kongo, mwaka 1998 watu wa Kivu ya Kaskazini walipotafuta chombo cha kupatanisha makabila baada ya vita, walikiita Barza.

Wabelgiji walilichukua neno hilo, wakalipunguza herufi moja, wakaliingiza katika Kifaransa cha Kongo: la barza. Kwao lilikuwa na maana ya sehemu yenye kivuli mbele ya nyumba, pa kuweka kiti cha kulalia na kinywaji saa kumi na moja. Neno lilifika Katanga, benchi halikufika. Nyumba ya mfanyakazi ikapewa barza ndogo kabisa, hatua mbili kwa tatu, labda ili mvua isipige mlango.

Ni watu wa kambi waliolirudishia neno maana yake. Hakuna aliyewafundisha. Mama alitoa mbabula mbele, kwa sababu jiko la nyuma lilikuwa na moshi na hakuna wa kuongea naye. Baba alitoa kiti. Watoto walikaa chini, wakisoma somo kwa taa ya barabarani. Barza ya mbele ilitazamana na barza ya ng'ambo, na kati yake ilikuwa barabara ile ile iliyonyooshwa kwa ajili ya msimamizi. Barabara ya kuchunguza watu ikawa sebule ya watu. Ulipopita ulisalimu nyumba ishirini kabla ya kufika robine. "Odi!" ulisema ukiwa bado njiani, na jibu lilitoka kabla hujafunga mdomo: "Karibu, ikala pale." Hakukuwa na ukuta. Palikuwa na uzio wa miti hai, unaofika kiunoni, ambao mama wawili waliweza kuongea juu yake wakipitishiana chumvi, na mtoto aliweza kupenya chini yake. Lupango ilikuwa na mwembe. Mayembe yakianza kuanguka, hakuna aliyejua tena lupango ya nani inaishia wapi.

Kilio ndicho kilichoonyesha nguvu ya mpango huo. Mtu akifariki, watu walikuja usiku ule ule, wanaume wakawasha moto mbele ya nyumba, wanawake wakajaa barza na chumba cha kwanza, na waliozidi walikaa barabarani na mbele ya nyumba za jirani, bila mtu kuomba ruhusa. Kilio kilienea kama maji. Nyumba ya vyumba viwili iliweza kupokea watu mia mbili, kwa sababu haikuwa na mwisho.

Tukisema hivi tunaonekana kama wazee wanaolilia zamani. Hapana. Kuna jambo ambalo watu wa Likasi hawapendi kuliandika katika vijitabu vya mila, nasi tunaona ni aibu kuandika juu ya ujirani wetu bila kulitaja. Mwaka 1991 kulikuwa na wizi mkubwa wa maaskari mijini. Kisha, tangu mwezi wa nane wa 1992, siasa ya Kinshasa ilipogombana na siasa ya Katanga, watu wa asili ya Kasai walianza kufukuzwa. Hapa Likasi ilikuwa mbaya. Maelfu na maelfu walikaa kwenye gari-moshi, kituoni na mashuleni, miezi mingi, wakingojea treni, na wengi walikufa pale, zaidi watoto. Waliokuwa wanakaa kituoni walikuwa nani? Ni wale wale waliokaa barza ya ng'ambo. Tulikuwa watoto wa shule ya msingi. Tulimwona jirani yetu akibeba godoro, na tuliona, siku chache baadaye, watu wengine wakiingia katika nyumba yake na kukaa kwenye barza yake, wakitusalimu vizuri. Sisi tuliwajibu.

Basi yule anayesema kwamba nyumba nzuri inafanya watu wema, aje aulize Shituru. Barza haikumwokoa mtu. Uzio unaofika kiunoni ulimwezesha mwizi na mchochezi kupita kwa urahisi kama jirani.

Tunafikiri, kwa tuliyoyaona, kwamba kuta zilianza kupanda hapo. Kwanza matofali juu ya mstari wa uzio. Kisha vipande vya chupa juu ya matofali. Halafu kampuni yenyewe ikaanguka. Gécamines, iliyorithi Union Minière baada ya serikali kuitaifisha tarehe ya kwanza Januari 1967, ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Miaka ya 1990 ikashuka hadi sehemu ndogo ya hapo. Mishahara ikakaa miezi na miezi bila kutoka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa ule mpango wa kuondoka kwa hiari, ambao wengi wanasema haukuwa na hiari yoyote ndani yake. Aliyekosa mshahara alibaki na kitu kimoja tu: lupango. Akajenga nyuma vyumba viwili vya kupangisha. Kisha upande, chumba kingine. Kisha mbele, kwenye ile barza, akaziba kwa matofali akafanya duka la mikate na kadi za simu. Mwembe ukakatwa kwa sababu mizizi yake iliharibu msingi, na mti wake ukawa makala.

Hatumlaumu. Mwalimu anayelipwa kwa mchango wa wazazi hana haki ya kumlaumu mtu kwa kupangisha chumba. Lakini tunapohukumu umbo, lazima tuseme umbo limeharibika. Lupango iliyobeba familia moja leo inabeba nne au tano, musalani mmoja, kisima kimechimbwa hatua chache kutoka kwenye musalani huo, na mahali pa kukaa pamoja hapapo. Familia tano zinakaa karibu kuliko zamani na zinajuana kidogo kuliko zamani. Ugomvi wa maji na wa takataka umechukua nafasi ya chumvi iliyopitishwa juu ya uzio.

Na kilio? Tulikwenda kwenye kilio kimoja, katika nyumba mpya yenye ukuta wa mita tatu. Ndani ya lupango kila mahali kumewekwa simenti, na gari mbili. Wanawake walijazana ndani. Sisi wanaume tulikaa nje, barabarani, migongo yetu ikiegemea ukuta wa marehemu. Tulikuwa tunalia nyumba ambayo hatuioni. Kila baada ya muda mlango wa chuma ulifunguliwa kidogo, mtu akatoka na chai, mlango ukafungwa.

Kuna kosa lingine la nyumba hizi mpya, nalo ni juu ya nchi yenyewe, yaani udongo, jua na mvua ya hapa. Likasi imekaa juu ya vilima, mita 1,300 hivi juu ya bahari. Tuna mvua tangu Novemba hadi Aprili, zaidi ya mita moja ya maji kwa mwaka. Halafu miezi sita mikavu, na Juni na Julai usiku ni baridi ya kweli. Hii si Kinshasa wala Dubai, lakini michoro tunayoiga inatoka huko. Mtu anasawazisha kilima chake kwa simenti, maji hayana pa kuingia, yanashuka kwa jirani wa chini na kumfanyia korongo. Anaweka vioo vikubwa upande wa magharibi, ambapo jua la mwezi wa kumi linachoma hadi jioni, kisha ananunua mashine ya baridi ambayo umeme wake haupo. Paa la mabati limegusana na dari, na joto lote linashuka kichwani.

Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwenye nyuzi 11. Maana yake ni kwamba katika miezi ya baridi jua la mchana linatoka upande wa kaskazini. Barza iliyoelekea kaskazini inapata jua la Juni, wazee wanaota pale asubuhi. Na mwezi wa kumi na mbili jua liko juu sana na kidogo upande wa kusini, kwa hiyo barza hiyo hiyo ina kivuli. Kuta fupi zielekee mashariki na magharibi. Hesabu hiyo haina gharama, ni kugeuza kamba ya kupimia kabla ya kuchimba msingi. Ila fundi anageuza nyumba iangalie mlango wa chuma, basi.

Udongo tunao. Vichuguu vya Katanga vinapanda hadi mita nane, na watu wametoa humo matofali tangu zamani, kwa sababu mchwa amekwisha chagua udongo unaoshikana. Tofali bichi la udongo huo, likikingwa na paa refu na msingi wa mawe, linakaa miaka mingi na linashika ubaridi mchana. Tunachoma matofali kwa sababu tofali bichi linaitwa la maskini. Kila tanuru inakula miti, na pori la miombo lililokuwa linafika mlangoni mwa mji sasa lazima ulifuate kwa baiskeli nusu siku.

Hapo wenzetu wa chama watafurahi, watasema: unaona, turudi kwa mababu. Polepole. Hassan Fathy, mjenzi mkubwa wa Misri, katika miaka ya 1940 alijenga kijiji kizima cha udongo, Gourna Mpya, karibu na Luxor, na matao na viwanja vya kupendeza. Watu wa Gourna wengi walikataa kuhamia. Walikuwa na maisha yao juu ya makaburi ya kale, na hawakuona kwa nini wahamishwe na serikali, hata kama nyumba ni nzuri. Kwetu fundisho ni hilo: umbo la mila lililoletwa na mtu mwingine linabaki kuwa amri. Huku kwetu tuna kijumba cha nyasi, payoti, kinachosimamishwa siku hizi katika kila baa na hata katika nyumba za matajiri nyuma ya ukuta wao. Watu wanakiita mila. Nsaka ambayo mpita njia haioni wala hawezi kuingia si nsaka. Ni mwavuli.

Mfano tunaoupenda zaidi ni wa Francis Kéré, mtoto wa kijiji cha Gando, Burkina Faso, aliyejenga shule ya msingi ya kwao, ikamalizika mwaka 2001. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, Mwafrika wa kwanza kuipata. Alitumia udongo wa pale uliochanganywa na simenti kidogo, na mabati yale yale ya kila mtu. Ila aliyainua mabati mbali na dari, hewa ikapita katikati, joto likaondoka nalo. Na watu wa kijiji walijenga wenyewe. Hakuna nyasi. Hakuna ngoma mlangoni. Hata hivyo hakuna anayeuliza kama ni ya Afrika.

Watatuambia: mnaandika juu ya mabenchi wakati watu wa Kolwezi wanachimba chini ya vitanda vyao. Ni kweli. Kule Kasulo, tangu 2014 hivi, watu walipojua kobalti iko chini ya mtaa, walitoboa sakafu za nyumba zao wenyewe, nyumba ikawa kifuniko cha shimo, na mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikahamishwa na kuzungushiwa ukuta. Hakuna mchoro unaoshinda njaa. Lakini hata katika njaa mtu anajenga, kila kiangazi tunaona misingi mipya inachimbwa upande wa Shituru, na anapojenga anachagua. Sisi tunasema juu ya uchaguzi huo.

Hatusemi bomoeni kuta. Aliyeibiwa hawezi kuambiwa alale mlango wazi, na waliopitia 1992 wana sababu zao za kuogopa. Tunasema ukuta una pande mbili, na upande wa nje hakuna anayeufikiria. Unaweza kuurudisha nyuma mita moja na nusu tu, ukajenga benchi mbele yake, ukapanda mti mmoja. Unaweza kufanya sehemu ya juu kwa matofali yenye matundu, ili aliye ndani aone njia na njia ijue kwamba kuna watu. Kwa wale wanaopangisha: kabla ya chumba cha tano, simamisheni paa moja bila kuta katikati ya lupango, mita nne kwa nne, wapangaji wapikie hapo. Chumba hicho hakiingizi kodi. Lakini tumeona lupango moja yenye paa hilo, na wapangaji wake wana miaka sita bila kuhama, na mwenye nyumba hajui tena kuhangaika na kutafuta mtu.

Mwaka jana kijana mmoja aliyekuwa mwanafunzi wetu, sasa ana kazi nzuri, alianza kujenga karibu na kwetu. Alitualika tuangalie. Fundi alikuwa amekwisha kupiga kamba ya ukuta hadi kwenye mfereji wa barabara. Tukamweleza yote haya, kwa urefu, kama walimu tunavyojua kuchosha watu. Fundi, mtu wa makamo, alisikiliza akiwa ameegemea sepeto lake, kisha akasema: "Mwalimu, nyumba bila ukuta haiko nyumba." Tukamwambia ukuta ubaki, urudi nyuma. Akamwangalia kijana. Kijana akaangalia kamba, akahesabu kwa hatua zake ardhi anayoipoteza, akarudi akahesabu tena. Kwa heshima yetu, tunafikiri, na si kwa kushawishika, akakubali hatua mbili.

Benchi lipo. Ni refu, la matofali na simenti, limeelekea kaskazini. Asubuhi wanakaa wanafunzi wanaongoja wenzao, mchana mama anayeuza mihogo, jioni vijana ambao hakuna anayejua wanaongea nini. Maganda ya miwa yanabaki chini, na mke wa kijana ndiye anayefagia. Amekuja kwetu mara mbili kulalamika: watu wanaongea hadi saa nne usiku chini ya dirisha lake, na mtoto halali. Lakini alipofiwa na mama yake mwezi wa pili, walikaa pale watu wengi, siku tatu, mlango wa chuma ukiwa wazi kwa sababu ulikuwa unachosha kuufungua na kuufunga. Sasa anasema benchi libaki, lakini fundi arudi alipunguze kidogo upande wa dirisha. Bado hawajaamua ni kiasi gani.